Ukitua kwa kishindo, sema: Ufa usioonekana humsubiri rubani mwenzako

KUNA sentensi moja ambayo wanafunzi wengi wa urubani huiona ngumu kuliko mtihani wowote wa hali ya hewa au sheria za anga. Ni fupi tu: "Mwalimu, leo nimetua vibaya."

Hebu jiweke mahali pa mwanafunzi huyo. Umeruka peke yako kwa mara ya tatu au ya nne hivi. Ndege imegusa lami kwa kishindo, ikadunda, ikagusa tena, halafu ikatulia. Umeipeleka polepole hadi kwenye maegesho, ukazima injini, ukashuka na kuizunguka. Mabawa yapo. Magurudumu yapo. Propela iko sawa. Hakuna aliyeona, na hata wewe mwenyewe ukiangalia huoni kasoro yoyote. Sasa utasema ama utanyamaza?

Ukisema, ndege itasimamishwa ikaguliwe. Pengine wenzako watatu waliokuwa wameipanga leo watarudi nyumbani bila kuruka. Pengine kuna atakayekucheka kwenye grupu ya WhatsApp. Na pesa za masomo haya si mchezo: kuna mzazi aliyeuza kipande cha shamba, kuna aliyechukua mkopo wa Sacco, na kila saa ya angani ina bei yake. Ukinyamaza, siku inaisha shwari. Kesho asubuhi mwenzako anaingia katika ndege ile ile, anafunga mkanda na kupaa.

Makala haya yanamhusu huyo mwenzako. Ikiwa una ndoto ya kuwa rubani, ama tayari umeanza masomo, kuna mambo unayofaa kujua kuhusu kile ambacho kishindo kimoja kinaweza kuifanyia ndege ndogo.

Kutua ndiko kunakosumbua

Nchini Marekani, ambako ndege ndogo za watu binafsi zimejaa tele, chama cha wamiliki wa ndege na marubani, AOPA, hutoa ripoti ya ajali kila mwaka. Mwaka nenda, mwaka rudi, kundi kubwa zaidi la ajali zinazotokana na rubani mwenyewe ni zile za kutua. Na mwaka nenda, mwaka rudi, ni chache sana kati ya hizo zinazoua mtu.

Utasema basi ni afadhali. Kweli, ni afadhali. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Kwa sababu watu hutoka wakitembea, tena wakicheka, ni rahisi kudhani kwamba mambo yameishia hapo. Mwili wa rubani uko fiti. Na mwili wa ndege je?

Tuanze na ndege yenyewe. Ukijiandikisha leo katika shule ya urubani pale Wilson, Nairobi, kuna uwezekano mkubwa utajifunzia Cessna 172 ama ndugu yake mdogo, Cessna 152. Ile 172 ilianza kuuzwa mwaka wa 1956 na zaidi ya 44,000 zimeundwa. Hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi huo. Ina injini moja, viti vinne, na mabawa yake yako juu ya paa. Ikijaa mafuta na watu, uzito wake ni kati ya kilo 1,050 na 1,150 hivi kutegemea modeli, yaani karibu sawa na Probox isiyo na mzigo. Mwili wake ni mabati membamba ya aluminiamu yaliyounganishwa kwa riveti.

Ndege hii ina magurudumu matatu. Mawili makubwa yako chini ya mwili, yameshikwa na miguu ya chuma inayonepa kama springi. Hayo ndiyo yaliyoundwa kupokea kishindo. La tatu liko puani. Mguu wake umefungwa kwenye ukuta mwembamba wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya rubani, ukuta ambao pia huzuia moto wa injini usiingie ndani. Gurudumu hilo la mbele kazi yake ni kuongoza ndege ikiwa chini. Halikuundwa kubeba uzito wa kutua.

Ndiyo maana, ndege ikiwa mita chache juu ya lami, rubani hupunguza nguvu ya injini na kuvuta usukani taratibu ili pua iinuke na magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Ni kitendo cha sekunde chache tu. Ndani ya sekunde hizo, kuna njia kadhaa za kuharibu mambo.

Ya kwanza ni kuja na kasi kupita kiasi. Ndege inakataa kushuka, inaelea juu ya lami, na njia inazidi kuisha. Rubani anaingiwa na wasiwasi, anasukuma usukani mbele ili ndege iguse kwa lazima, na gurudumu la mbele linapiga chini kwanza.

Ya pili ni kudunda. Ndege imegusa na kuruka juu tena kama mpira. Rubani anashtuka, anasukuma pua chini, ndege inapiga lami, inaruka tena. Inaanza kupanda na kushuka kama pomboo baharini, na kila pigo ni kali kuliko lililotangulia. Mara nyingi pigo la tatu au la nne ndilo linalovunja mguu wa mbele na kupeleka propela kwenye lami.

Ya tatu ni kinyume cha ya kwanza: kuvuta pua mapema mno, ukiwa juu bado na kasi imeisha. Mabawa yanapoteza nguvu ya kubeba, na ndege inaporomoka kama gunia la mahindi.

Ya nne ni upepo wa ubavuni. Ndege inagusa chini huku ikisukumwa upande, na miguu iliyoundwa kunepa juu na chini inajikuta ikikunjwa kwa ubavu.

Hesabu ya kasi na jua la Nairobi

Rubani wa Cessna 172 huja kutua kipimo chake kikisoma kama kilomita 120 kwa saa. Tuseme leo amekuja na 138. Ni kilomita 18 tu za ziada. Kwenye Thika Road hata dereva wa matatu hashtuki. Lakini kumbuka fizikia ya shule: nishati ya kitu kinachotembea hupanda kwa kasi kuzidishwa kwa kasi. Kilomita hizo 18 zinampa rubani wetu karibu theluthi moja ya nishati ya ziada, na yote hiyo lazima iishie mahali fulani: kwenye breki, kwenye magurudumu, ama kwenye ua ulio mwisho wa uwanja.

Halafu kuna jambo ambalo wenzetu wanaojifunzia nchi za tambarare hawalifikirii sana. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Kipimo cha kasi ndani ya ndege hakihesabu jinsi ardhi inavyopita. Kinapima msukumo wa hewa inayokipiga. Kwa hivyo ukitua Ukunda, kando ya bahari, kipimo kikiwa 120 na upepo umetulia, ardhi itakuwa inapita kwa kama kilomita 123 kwa saa. Ukitua Wilson saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 25, kipimo kile kile kikisoma 120, ardhi inapita kwa kama 135. Hiyo ni nishati zaidi kwa karibu asilimia 20, na kwa macho ya kipimo hakuna kilichobadilika. Eldoret, ambako uwanja uko zaidi ya mita 2,100 juu, tofauti ni kubwa zaidi.

Hapo ndipo mgeni wa nyanda za juu anapoponzwa na macho yake. Anaona lami ikimjia mbio, anadhani ana kasi nyingi, anavuta pua ili aipunguze. Kumbe mabawa yanajua hewa tu, hayajui lami. Kasi inayoyafaa ni ile ya kipimo. Ukiipunguza chini ya hapo, unarudi kwenye lile gunia la mahindi.

Ajali iliyoonekana na kila mtu

Mnamo Septemba 1936, Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro na kujifunza urubani hapa Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake ndani ya ndege ndogo aina ya Percival Vega Gull. Alikuwa anavuka Atlantiki kuelekea magharibi, upepo ukimpinga njia nzima. Baada ya zaidi ya saa 21 angani, injini ilianza kukosa mafuta. Akalazimika kutua kwenye pwani ya Nova Scotia, Canada. Ardhi aliyogusa ilikuwa kinamasi. Magurudumu yakazama, pua ikachimba matope, mkia ukabaki juu. Beryl alitoka na jeraha kichwani, akiwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua njiani.

Marubani wa hapa kwetu wanaielewa vizuri hadithi ya ardhi inayosaliti. Viwanja vingi vya mashambani na mbugani ni vya nyasi, changarawe ama udongo mweusi, ule ambao mvua ya masika ikinyesha hunata kama gundi. Kule Maasai Mara ni kawaida rubani kupita chini chini kwanza juu ya uwanja, akitazama hali ya ardhi na kufukuza punda milia na ngiri, kabla ya kuzunguka na kurudi kutua.

Lakini ajali kama ya Beryl haikuficha kitu. Ndege ikisimama kwa pua ndani ya matope, hakuna mtu atakayempa rubani mwingine ufunguo wake kesho yake asubuhi. Yenye hatari ni ile inayogonga, ikadunda, kisha ikasimama wima mahali pake pa kawaida ikiwa safi, na daftari lake halina hata mstari mmoja kuhusu kilichotokea.

Ambacho jicho halioni

Kwa miaka mingi, kanuni ya Marekani iliyofuatwa katika kuunda ndege hizi imetaka mwili na magurudumu vistahimili kugusa chini kwa mwendo wa kushuka wa kati ya mita 2.1 na mita 3 kwa sekunde, kutegemea uzito wa ndege na ukubwa wa mabawa yake. Usidhani hicho ni kimo kikubwa. Ukiruka kutoka kwenye kijiwe kinachofika magotini, utagusa chini kwa kama mita 3 kwa sekunde. Ndege iliyopoteza nguvu ya mabawa na kuporomoka kutoka kimo cha mtu mzima inaweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Ikivuka, nini hutokea? Ule ukuta mwembamba nyuma ya injini hujikunja kidogo, kama bati lililokanyagwa, na mkunjo wenyewe hauonekani mpaka fundi afungue kifuniko cha injini na kumulika kwa tochi. Riveti hulegea. Ngozi ya ndege hufanya mawimbi madogo ambayo utayaona tu ukichungulia kwa pembe, mwanga ukipiga ubavuni. Mlango uliokuwa unafunga vizuri asubuhi unaanza kukwaruza. Fremu inayoshika injini hupata ufa kwenye maungio. Tairi na breki nazo huumia.

Propela ni habari nyingine kabisa. Ikigusa lami huku injini inazunguka, pigo lile halibaki kwenye ncha iliyopinda. Linarudi ndani hadi kwenye shafti ya krenki na gia zake. Ndiyo maana kwa injini za Lycoming, ambazo ziko kwenye ndege nyingi za aina hii, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo mwaka wa 2004 kwamba propela ikigonga kitu, sehemu ya nyuma ya krenki ikaguliwe kabla injini haijarudi kazini. Kubadilisha propela na kuendelea na safari hakutoshi. Injini inaweza kuwaka vizuri, ikanguruma vizuri, halafu ikakata mawasiliano na gia zake siku nyingine, ukiwa juu ya mitaa ya Lang'ata na hakuna pa kutua.

Kisha kuna uchovu wa chuma. Chukua kile kishikio kidogo cha kufungulia kopo la soda. Kikunje mara moja, hakivunjiki. Kikunje mara ya pili, ya tatu, ya nne. Ghafla kimebaki mkononi. Hukuongeza nguvu yoyote, ulirudia tu. Kishikio hicho ni aluminiamu, na mhimili unaoshika bawa la ndege yako pia ni aluminiamu. Huo wa ndege ni imara zaidi, bila shaka, na umepigiwa hesabu nyingi. Lakini aluminiamu ina kumbukumbu: kila mzigo unaandikwa ndani yake, na mzigo mzito huandikwa kwa wino mzito.

Tarehe 4 Aprili 2018, ndege ya mafunzo aina ya Piper Arrow, mali ya chuo kikuu cha Embry-Riddle, ilikuwa kwenye mtihani wa urubani huko Daytona Beach, Florida. Iligusa lami, ikaongeza nguvu na kupaa tena, kama wanafunzi wanavyofanya kila siku. Ikiwa bado inapanda, bawa lake la kushoto likakatika. Mwanafunzi na mtahini wake wakafa. Ndege ile haikuwa kongwe, iliundwa 2007. Lakini ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,600 na kutua zaidi ya mara 33,000. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu kwenye mhimili wa bawa, karibu na tundu la bolti pale bawa linapoungana na mwili, mahali ambapo hakuna rubani anayeweza kupaona akiikagua ndege kabla ya kuruka. Bawa la kulia, ambalo halikukatika, lilikuwa na ufa mdogo unaoanzia mahali pale pale.

Sikuambii kwamba ufa ule ulitokana na mwanafunzi mmoja aliyetua vibaya siku moja. Ilikuwa mizigo mingi iliyojumlishana, na hayo ndiyo maisha ya ndege ya mafunzo: kuruka chini chini kwenye hewa yenye misukosuko, kutua, kupaa, kutua tena. Baadaye FAA iliagiza ndege nyingi za jamii hiyo ya Piper zikaguliwe kwa kifaa cha umeme kinachogundua ufa ambao macho hayauoni, na hesabu ya kujua ni ndege zipi zinahitaji ukaguzi inategemea rekodi za matumizi yake, hasa saa ilizofanya kazi ya kufundisha ama kukodishwa. Unaona sasa? Usalama wa bawa unategemea kile kilichoandikwa kwenye daftari. Daftari likidanganya, hesabu nayo inadanganya.

Kughairi si aibu

Njia bora ya kukwepa haya yote ni kutokubali kutua ambako tayari kumeanza kuharibika. Marubani wenye uzoefu hujiwekea mpaka. Unapofika futi 500 juu ya uwanja, yaani kama mita 150, jiulize: Kasi iko sawa? Nimenyooka na njia? Ninashuka kwa mwendo unaofaa? Flapu ziko mahali pake? Jibu moja likiwa hapana, unaghairi, unapanda na kuzunguka upya.

Vivyo hivyo ukidunda. Usipigane na ndege. Usisukume pua. Kama mdundo ni mdogo, shikilia pua mahali pake na uiache itulie yenyewe. Kama ni mkubwa, ondoka: nguvu zote za injini, zuia pua isiinuke kupita kiasi maana ikiwa na flapu zote itataka kupanda yenyewe, punguza flapu hatua kwa hatua, subiri kasi, halafu panda. Haya yote utayafanya na mwalimu wako mara nyingi kabla hujayafanya peke yako. La muhimu ni kwamba uamuzi uwe umeuweka mfukoni kabla hujafika, kwa sababu ndani ya zile sekunde chache hakuna nafasi ya kufanya mjadala.

Vijana wengi hukwama hapa kwa sababu isiyo ya kiufundi hata kidogo. Wanaona wakizunguka tena watu waliosimama kwenye uzio watasema "ameshindwa." Wengine wanahesabu pesa: kila mzunguko ni dakika kadhaa za kulipia. Lakini linganisha dakika hizo na gharama ya mguu wa mbele, propela na injini iliyofunguliwa. Na yule aliyesimama kwenye uzio akicheka, si yeye aliye kwenye usukani.

Na kama tayari umegonga?

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tatizo la ndege ya shule ni kwamba anayeficha ni mmoja na anayeumbuliwa ni mwingine. Ndege hiyo mnaitumia watu kumi, kumi na watano. Ukinyamaza, hujachukua hatari mwenyewe. Umemkabidhi mtu ambaye hakuulizwa.

Kuna jambo moja linaloweza kukupunguzia woga. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama wake, lina kanuni za uchunguzi wa ajali katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago. Zinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kazi hiyo si ya kutafuta wa kulaumiwa. Hapa nchini uchunguzi huo hufanywa na idara ya serikali ya kuchunguza ajali za ndege, AAID, huku leseni na usimamizi wa usalama vikiwa chini ya KCAA. Mfumo mzima umejengwa juu ya watu kusema ukweli. Anga imekuwa salama kwa sababu wengi waliokutangulia walisimama na kusema "nilikosea hapa," na wengine wakajifunza bila kugonga.

Ni kweli pia kwamba si kila shule huishi hivyo. Ambako mwanafunzi anayesema hufokewa mbele ya wenzake ama kubebeshwa gharama papo hapo, watu hujifunza kunyamaza, na ndege huzeeka na siri zake. Kwa hivyo kabla hujalipa karo, usiulize bei ya saa tu. Uliza: Mwanafunzi akitua kwa kishindo hapa, utaratibu ni upi? Ndege hukaguliwa na nani? Gharama ni ya nani, bima inasemaje? Naweza kuona daftari la kasoro za ndege? Angalia uso wa anayekujibu. Daftari lililojaa maandishi madogo madogo, tairi iliyobadilishwa, mlango uliorekebishwa, ukaguzi baada ya kutua vibaya, ni dalili njema. Daftari safi la ndege ya mafunzo iliyozeeka ni la kutilia shaka.

Wazazi nao wana kazi yao. Ikiwa umemlipia mwanao masomo haya, mwambie mapema, kabla hajaanza kuruka peke yake, kwamba akiharibu kitu aseme, na kwamba hilo halitageuka ugomvi wa nyumbani. Mtoto anayeogopa simu ya baba kuliko ufa kwenye ndege atachagua kunyamaza.

Na wewe ambaye tayari unaruka, siku ikifika, na kwa wengi hufika, fuata utaratibu huu. Usipae tena kwenda "kujaribu kama iko sawa." Isimamishe ndege, zima injini, usiisukume wala kuiegesha ndani kabla hujamwita mwalimu na fundi. Piga picha. Kisha andika kwenye daftari la kasoro ukiwa bado unakumbuka: saa ngapi, njia ipi, upepo ulitoka wapi, gurudumu lipi liligusa kwanza, ulidunda mara ngapi, ulisikia sauti gani, propela iligusa ama haikugusa. Usijitetee kwenye maandishi hayo wala usijitukane. Fundi hahitaji hadithi ndefu. Anahitaji kujua aanzie wapi kumulika tochi yake.